Vyeti vinne ukutani na biashara haisogei: je, huduma za bure za serikali zina faida?

"Shikamoo mtaalamu. Natengeneza siagi ya karanga hapa Kongwa, huu mwaka wa tatu. Nimehudhuria mafunzo ya ujasiriamali mara nne: mara mbili SIDO, mara moja halmashauri, na mara moja kwa mradi uliokuja ukaondoka. Vyeti nimevibandika ukutani lakini biashara iko palepale. Kopo la gramu 400 naliuzia maduka kwa shilingi 3,200, mengi kwa mali kauli, yaani wananilipa wakishauza. Duka moja kubwa la Dodoma mjini limesema litachukua mzigo wangu nikiwa na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, na msimbomilia (barcode). Jirani ananiambia huduma za serikali ni za wenye kujuana, nisipoteze nauli. Yupo kijana anataka nimpe laki sita anishughulikie vyote: TBS, msimbomilia na andiko la mkopo wa asilimia kumi. Mume wangu anaona nimpe. Mimi bado nasita. Hizi huduma za bure zinafaa kweli au ni za kupigia picha? Na huyo kijana nimpe?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na kijana kwa kuwa pengine anasubiri jibu lako wiki hii: usimpe. Sababu zake nitazifikia huko mbele, na si kwamba kila anayefanya kazi hiyo ni tapeli.

Swali lako kubwa ni hilo jingine, na nalisikia kwa wengi: mtu ameitikia kila mwito, amekaa kwenye viti vya plastiki siku tano, ameandika daftari zima, amerudi nyumbani na cheti, na mauzo hayajaongezeka hata kopo moja. Anaanza kujiona ana kichwa kigumu. Huna kichwa kigumu. Umetumia sehemu moja tu ya huduma, na kwa bahati mbaya ndiyo sehemu yenye nguvu ndogo kuliko zote.

SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, haikuundwa iwe shule ya semina. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973 ihudumie viwanda vidogo, na humo ndani kuna mambo mengi: mitaa ya viwanda inayopangisha majengo, vituo vya teknolojia vinavyotengeneza mashine, mikopo midogo kupitia mfuko wa NEDF ulioanza 1994, barua za utambulisho kwenda taasisi nyingine, na maofisa ambao kazi yao ni kukaa na mtu mmoja mwenye tatizo moja. Mafunzo ni kipande tu. Yanaonekana zaidi kwa kuwa yanahesabika kirahisi. Ofisa akiandika kwenye ripoti ya robo mwaka kwamba wanawake themanini wamefundishwa usindikaji, kila anayeisoma anaelewa. Akiandika kwamba alikaa saa tatu na mama mmoja wa Kongwa wakipiga hesabu ya kopo la siagi, nani atampigia makofi? Fedha nazo huja kwa mtindo huohuo. Mradi unatoa bajeti ya mafunzo kwa idadi ya watu na tarehe ya mwisho, kwa hiyo ukumbi unajazwa fundi seremala, mfuga kuku, mtengeneza sabuni na wewe, na mkufunzi anabaki kufundisha yanayowahusu wote: kuweka akiba, kujiamini, kumhudumia mteja kwa tabasamu. Si uongo anaofundisha, ila hakuna aliyekuja na tatizo la kutabasamu.

Watafiti wamelipima jambo hili. Pale Lomé, mji mkuu wa Togo, biashara ndogo 1,500 ziligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipewa mafunzo ya kawaida ya hesabu, masoko na usimamizi. La pili lilifundishwa namna ya kujituma: kutafuta fursa kabla wengine hawajaiona, kujiwekea lengo, kutokata tamaa kizuizi kinapotokea. La tatu halikupewa kitu. Matokeo yalichapishwa 2017: waliofundishwa kujituma faida yao ilipanda kwa asilimia 30, na wale wa mafunzo ya kawaida ongezeko lao lilikuwa dogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kusema kama ni la kweli au ni bahati. Utafiti mwingine ulifanywa Dar es Salaam kwa wakopaji wadogo. Humo mafunzo ya biashara yaliwasaidia wanaume, lakini kwa wanawake faida haikuonekana wazi, na watafiti walielekeza kidole kwenye vizuizi vilivyo nje ya biashara yenyewe, yaani majukumu ya nyumbani na nani ana sauti juu ya fedha. Nakutajia hili makusudi. Kama fedha ya karanga na ada ya shule vinakaa mkoba mmoja, semina ya tano haitavitenganisha.

Wewe ni mtu wa Kongwa, kwa hiyo hadithi ya mpango wa karanga wa Waingereza umeisikia kwa wazee. Walikuja 1947 na matrekta na wataalamu, wakasema ardhi ile itatoa karanga za kulisha Uingereza mafuta. Kufikia 1951 mpango ukavunjwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamezama kwenye udongo unaokauka ukawa mgumu kama saruji, katika nchi yenye mvua za kubahatisha ambazo Mgogo yeyote angewaeleza. Fedha ilikuwa ya umma na utaalamu ulikuwepo, lakini hakuna aliyeuliza. Mshauri anayeanza kukufundisha kabla hajakuuliza, hata wa bure, mwogope kidogo.

Sasa tuone ushauri wa mtu mmoja kwa mmoja unavyokuwa, nikitumia kopo lako. Tuseme karanga zilizobanguliwa unanunua kilo shilingi 3,200. Wengi hupiga hesabu hivi: gramu 400 za siagi ni gramu 400 za karanga, basi ni shilingi 1,280. Ongeza kopo 600, lebo 200, kusagisha 250, mkaa 150 na nauli ya bodaboda 150. Jumla 2,630. Ukiuza 3,200 unabakiwa na 570. Safi, si ndiyo?

Hapana. Karanga ukizikaanga zinapoteza maji, ukizifikicha zinapoteza maganda, na ukizichambua vizuri unatupa mbovu. Kilo moja ikikupa gramu 850 za siagi, umefanya kazi nzuri. Maana yake kopo la gramu 400 limekula karanga za kama shilingi 1,500. Faida yako imeshuka kutoka 570 hadi 350, na hapo hujajilipa hata senti kwa kusimama mbele ya moto, wala hujahesabu lile duka ambalo tangu mwezi juzi linasema "njoo kesho". Kopo moja lisipolipwa linakula faida ya makopo manane. Ofisa mzuri akikupigia hesabu hii mbele yako kwa daftari lako mwenyewe, utatoka na uamuzi: upandishe bei, ubadilishe ujazo, au upunguze maduka ya mali kauli. Ukumbini huwezi kupata hilo, maana ukumbini hakuna anayejua unanunua karanga bei gani.

Kuna jambo jingine, nalo nataka tukae nalo kidogo kwa sababu kijana wako hataligusa. Ni sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri, na mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, wengi wakiwa wamekula mahindi ya nyumbani mwao. Huo ni mlipuko ulioonekana. Isiyoonekana ni ile dozi ndogo ya kila siku inayoharibu ini polepole na kuchangia saratani yake. Kukaanga hakuimalizi sumukuvu. Moto wa jikoni unaweza kuipunguza kiasi lakini hauiondoi, na ukishasaga karanga moja mbovu imeshaenea kwenye kopo zima. Kinga yako iko kabla ya sufuria. Nunua karanga kavu, zile zinazocheza ndani ya ganda ukizitikisa. Zikatae zilizoloweshwa maji ili zibanguke kirahisi au ziongeze uzito. Kisha chambua kwa mkono, kwenye mwanga, na utoe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotoboka na wadudu. Uchambuzi huo una nguvu kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu mara nyingi sumu imejikusanya kwenye punje chache. Na hizo ulizozitoa usimpe jirani kwa ajili ya kuku wala usizikamulie mafuta ya nyumbani.

Kwa karanga, kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu zaidi ya maikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo, na huwezi kuzipima kwa macho wala kwa ulimi. Hapa ndipo huduma ya umma inapata maana yake, kwa sababu hakuna mtengenezaji mdogo atakayenunua mashine za maabara. Kodi za wote zinazinunua, na anayelindwa si wewe peke yako bali na mtoto anayepakiwa siagi yako kwenye mkate.

Kwa hiyo TBS usiione kama mhuri wa kununua. Na vyeti vyako vinne, samahani kusema, si kibali cha ubora. Vinaonyesha ulihudhuria. Alama ya ubora inatolewa baada ya wakaguzi kufika unapozalisha, kuchukua sampuli, kuipima maabara na kuridhika. Wataangalia kama chumba cha kazi kimetengana na jiko la familia, kama kuta na sakafu zinasafishika, maji yanatoka wapi, pa kunawia mikono papo, madirisha yana wavu, na kama wewe na wasaidizi wako mmepimwa afya. Kama bado unasagia sebuleni, laki sita hazitabadilisha sebule kuwa kiwanda. Fedha hiyo ingeanza na sakafu, wavu na meza ya chuma cha pua. Nyongeza moja: makaratasi ya zamani ya mafunzo bado yanataja TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kwa upande wa chakula. Tangu 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi uko TBS, kwa hiyo usizungushwe.

Njia ya kawaida kwa mtu wa ukubwa wako inaanzia SIDO mkoa. Unaomba barua ya utambulisho kwenda TBS, na ofisa aliye makini atataka kuona unapofanyia kazi kabla hajaiandika. Mkaribishe, maana atakuonyesha kasoro ambazo mkaguzi angezikuta. Ukiwa na barua hiyo, serikali hubeba gharama za uthibitisho wa ubora kwa wajasiriamali wadogo katika kipindi cha mwanzo. Uliza palepale kipindi hicho ni cha muda gani na baada yake utachangia kiasi gani, uanze kuweka akiba. Upande wa msimbomilia, unaotoa ni GS1 Tanzania, namba zake huanza na 620, na hizo ni za kulipia. Usidanganyike kwamba 620 inathibitisha ubora. Ni namba ya kuitambua bidhaa kwenye mashine ya duka, basi. Mtu akikuuzia namba aliyoinakili mahali, siku moja mashine ya lile duka kubwa itasoma siagi yako kuwa sabuni ya mtu mwingine.

Turudi kwa kijana. Kazi anazozitaja zote tatu zina mlango rasmi ambao wewe mwenyewe unaweza kuupita. Lakini wasiwasi wangu mkubwa si laki sita. Maombi ya siku hizi hufanyika kwa mtandao, na mtu wa namna hii mara nyingi hufungua akaunti kwa barua pepe yake na namba yake ya simu. Kibali kikitoka, ujumbe unaingia kwake. Mwaka wa pili ukitaka kuhuisha, unamtafuta yeye, na bei anapanga yeye. Kama huna ujuzi wa kompyuta, mlipe mtu wa steshenari akujazie ukiwa umekaa pembeni yake, kwa barua pepe yako, na nywila uandike kwenye daftari lako. Na popote utakapoambiwa kuna ada ya serikali, dai kumbukumbu namba ya malipo. Fedha ya serikali hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, awe kishoka au awe ofisa mwenye kitambulisho shingoni.

Mume wako usimshindanishe na mimi. Mwonyeshe hesabu ya kopo, kisha mwambie mnataka laki sita hizo ziende kwenye chumba cha kazi. Nadhani atakuelewa haraka kuliko unavyofikiri.

Kuhusu mkopo wa asilimia kumi, fahamu kwanza ulivyo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya fedha nyingi kupotelea kwenye vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, ukarejeshwa 2024 kwa utaratibu mkali zaidi. Andiko lake halihitaji mtaalamu wa laki mbili. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye anayepaswa kuwasaidia kuliandaa, na atawauliza maswali ambayo mwandishi wa kukodi hajui hata kuyauliza. Ila nikuulize: kikundi unacho? Namaanisha watu unaowajua tabia zao za fedha, maana mmoja akitoroka, deni ni lenu. Kikundi kilichoundwa wiki tatu kabla ya fomu kutoka nimekiona kikivunjika kabla ya marejesho ya pili.

Na kwa hali yako ya leo, sikushauri ukope kabisa. Hujaishiwa mtaji, mtaji wako umekaa kwenye rafu za watu wengine kwa mali kauli. Ukiongeza fedha hapo, rafu zitaongezeka na wewe utabaki na deni lenye tarehe. Kusanya kwanza fedha zako zilizo nje. Chagua maduka mawili au matatu yanayolipa, mengine yaambie fedha mkononi. Mkopo wa halmashauri au wa NEDF ufikirie siku utakapokuwa na agizo la lile duka kubwa kwa maandishi na unajua watakulipa baada ya siku ngapi. Uliza mapema, kwa sababu maduka makubwa nayo hukaa na fedha za watu.

Jirani yako kuhusu kujuana hakosei kabisa. Ofisi moja ya mkoa inahudumia wilaya saba, maofisa ni wachache, na anayejulikana kwa sura hupigiwa simu kwanza mafunzo au maonyesho yakitokea. Sehemu ya hilo ni upendeleo. Sehemu kubwa zaidi ni kwamba ofisa anamkumbuka aliyerudi. Wengi huonekana siku ya semina na hawaonekani tena. Kurudi kwako mara ya pili, na majibu ya alichokuagiza mara ya kwanza, kunatosha kukuingiza kwenye orodha hiyo bila shangazi wizarani. Ukiombwa chochote cha pembeni ili barua isainiwe, TAKUKURU wana namba ya bure 113.

Namna ya kwenda ni hivi. Piga simu kwanza uulize ofisa wa usindikaji wa chakula yupo siku gani, usije ukakuta yuko semina. Beba kopo mbili zenye lebo, daftari la mauzo na manunuzi ya miezi mitatu hata kama ni la penseli, picha za chumba unachofanyia kazi, na leseni au kitambulisho chochote cha biashara ulicho nacho. Usiseme "naomba msaada wa kukuza biashara", maana jibu la sentensi hiyo ni semina nyingine. Sema: "Nataka barua ya kwenda TBS. Nionyesheni kitakachonikwamisha." Wiki ya Nanenane pale Nzuguni nayo itumie vizuri, kwa sababu SIDO, TBS na TRA huwa uwanja mmoja, na nauli ya siku moja inakufikisha meza zote hizo.

Yapo ambayo ningekushauri ulipie. Mchora lebo mzuri ni mmoja wao. Lebo zinazochorwa bure kwenye mafunzo hufanana zote, na yako lazima iwe na jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, tarehe za kutengenezwa na mwisho wa matumizi, na mahali ilipotengenezwa. Biashara ikikua hadi hesabu za kodi zikuchanganye, mhasibu wa kulipwa kwa mwezi ana thamani yake, ila kabla ya hapo dawati la elimu kwa mlipakodi TRA linakujibu bure.

Kuna hali ambazo hupaswi kusubiri zamu wala jibu la mtaalamu wa mbali kama mimi. Ukikuta mzigo wa karanga una ukungu au harufu ya uvundo na tayari umeshauza makopo ya mzigo huo, simamisha mauzo siku hiyohiyo na umwone bwana afya wa kata au ofisi ya TBS kanda ya kati, Dodoma. Ukiwa umeshasaini fomu yoyote ya kijana huyo, mpelekee ofisa biashara wa wilaya nakala yake kabla hujalipa. Na kama kuna mkopo mwingine ambao hukuutaja kwenye barua, ule wa simu au wa kausha damu, utaje ukifika SIDO, kwa sababu hesabu yote niliyokupigia hapa inabadilika.

Anza na uchambuzi wa karanga wiki hii. Barua ya utambulisho inaweza kuchukua muda, lakini kuchambua hakuhitaji saini ya mtu.